Mgema wa Kaloleni na bia ya Portland

KAKA yangu mkubwa amegema mnazi kwa zaidi ya miaka 30 huko Kaloleni, katika kaunti ya Kilifi. Alfajiri hupanda na kotama kiunoni, jioni hupanda tena. Karo ya kitinda mimba wake, kuanzia shule ya msingi hadi chuo cha uuguzi, ilishuka kutoka juu ya minazi hiyo, kibuyu baada ya kibuyu.

Kwa hivyo Novemba mwaka 2022, tulipoalikwa kuhudhuria harusi ya kijana huyo mjini Portland, katika jimbo la Oregon nchini Marekani, swali la kwanza la kaka lilikuwa lile ambalo mgema yeyote angeuliza.

"Huko wageni watanyweshwa nini?"

Jibu lilikuja kwa simu kutoka ng'ambo. Wageni wangenyweshwa bia ambayo bwana harusi mwenyewe alikuwa anaitengeneza nyumbani kwake. Kaka alinyamaza kidogo, kisha akacheka. "Basi damu haipotei," akasema.

Tusilolijua siku hiyo ni kwamba kijana alikuwa na hofu. Mwaka mmoja nyuma alikuwa ametengeneza bia ya kuwakaribisha wazazi wa mchumba wake, nayo ikamwaibisha vibaya. Sasa wakwe wale wale walikuwa wanarudi, na safari hii baba yake mgema angekuwa amekaa kando yao.

Mji wa mvua na madaraja

Tulitua Portland siku ya Jumanne baada ya kubadilisha ndege mara mbili. Saa za huko wakati huo wa mwaka ziko nyuma ya zetu kwa saa 11, hivi kwamba kaka alikuwa akiamka usiku wa manane akitafuta kotama yake. Nje kulikuwa na mvua ya manyunyu, ile isiyokulowesha upesi lakini pia haikuachi. Wenyeji hutembea ndani yake bila mwavuli kama watu waliokwisha kufanya mkataba nayo.

Ni mji wenye wakazi wapatao 650,000, na mto Willamette unaupasua katikati kabla ya kwenda kumwaga maji yake katika mto mkubwa wa Columbia. Madaraja ni mengi. Lililonishangaza zaidi ni Tilikum Crossing, lililofunguliwa mwaka 2015. Hapo hupita treni, mabasi, baiskeli na watu wa miguu, lakini gari la kibinafsi haliruhusiwi. Siku mawingu yanapofunguka, upande wa mashariki huonekana mlima Hood, wenye urefu wa mita 3,429, umejifunika theluji kama bibi harusi.

Kwa watu wa bia, mji huu ni kama Mombasa kwa watu wa mahamri. Maji ya mferejini hutoka katika msitu wa Bull Run, nayo ni laini, hayana chumvi nyingi. Kusini mwa mji kuna bonde la Willamette, ambako hulimwa hopi, yale maua ya mtambazi yanayoipa bia uchungu na harufu yake. Katika mji wa Corvallis, ulio katika bonde hilo, wataalamu walizalisha hopi aina ya Cascade iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1972, na harufu yake ya balungi ikabadilisha bia ya Marekani. Hata duka la F. H. Steinbart, la kuuza vifaa vya watengenezaji wa nyumbani, lilianzishwa mjini humo mwaka 1918.

Lakini msomaji asidhani kwamba jambo hili lilikuwa halali siku zote. Marekani ilipiga marufuku pombe nchini kote kuanzia mwaka 1920 hadi 1933. Marufuku ilipoondolewa, bia ya kutengeneza nyumbani haikufunguliwa mlango. Ilibidi kungoja hadi Oktoba mwaka 1978, Rais Jimmy Carter alipotia sahihi sheria iliyoruhusu mtu mzima kutengeneza galoni 100 kwa mwaka kwa matumizi ya nyumbani, au galoni 200 kwa nyumba yenye watu wazima wawili au zaidi, bila kulipa kodi. Kuuza hairuhusiwi. Huku kwetu, Sheria ya Kudhibiti Vileo ya mwaka 2010 inamtaka anayetengeneza au kuuza kileo awe na leseni. Kwa hivyo yasomeni haya kama habari za safari, wala msigeuze jiko la mama kuwa kiwanda.

Aibu ya mwaka uliopita

Kijana wetu ni muuguzi wa zamu za usiku. Jumanne hiyo jioni alitupeleka katika gereji ya nyumba yake, mahali ambapo Mmarekani huweka kila kitu isipokuwa gari. Kulikuwa na jokofu kuukuu, na ndani yake pipa la plastiki ngumu ing'aayo, lenye lita 19 za bia.

"Baba mdogo," akaniambia, kwa kuwa kumwambia baba yake moja kwa moja kulikuwa kunamtia haya, "mwaka jana nilifanya kila kitu sawa mpaka siku ya mwisho. Siku ya mwisho ndiyo iliyoniua."

Akatusimulia. Bia hutengenezwa kwa kimea cha shayiri kinacholowekwa katika maji moto, kisha maji yale matamu huchemshwa pamoja na hopi, hupozwa na kutiwa hamira. Hamira hula sukari na kutoa vitu viwili: kileo na gesi ya kaboni dioksaidi. Baada ya wiki mbili hivi kazi yake inakuwa imekwisha, lakini bia bado ina vumbi la hamira na mabaki ya hopi. Ili itakate, huwekwa katika baridi kali, karibu na kuganda, kwa siku mbili au tatu. Takataka zote huzama chini na bia hubaki juu ikiwa safi.

Yeye alilitia pipa lake katika jokofu likiwa na kile kizibo cha kawaida chenye maji, kinachoruhusu gesi kutoka ikibwata kama sufuria ya ugali. Asubuhi alikuta maji ya kizibo yametoweka. Hakujali. Siku ya tatu akafungua kifuniko, akachungulia, akanusa, akafurahi. Kisha akaihamisha bia kwa mpira hadi pipa jingine, ikianguka na kutoa povu, mfano wa mtu anayepoza chai kwa kuimimina kutoka kikombe hadi kikombe.

Siku ile bia ilikuwa na rangi ya dhahabu na harufu ya maembe. Baada ya siku kumi, wakwe walipofika, ilikuwa imepiga weusi kama chai iliyolala. Harufu ya maembe ilikuwa imekwenda zake. Mahali pake palikuwa na ladha ya katoni iliyonyeshewa. Mama mkwe, kwa adabu, aliinywa nusu. Baba mkwe alikwenda kutazama maua bustanini na akarudi na glasi tupu.

"Maua yalikunywa," kaka akasema. Hatukucheka sana.

Rafiki wa asubuhi, adui wa jioni

Ni nini kilichotokea? Adui alikuwa hewa, hewa hii hii tunayoivuta. Sehemu 21 hivi kwa kila 100 za hewa ni oksijeni, na oksijeni huifanyia bia kile inachokifanyia parachichi lililokatwa au msumari ulioachwa mvuani. Hushikamana na mafuta machache yaliyotoka katika shayiri, na vileo, na vile viungo vya hopi, ikavigeuza kuwa vitu vingine. Harufu ya matunda huwa ya kwanza kufa. Rangi hufuata. Mwisho huja ile ladha ya karatasi iliyolowa. Bia zilizotiwa hopi nyingi bila kuchemshwa, ambazo ndizo zinazopendwa sana Portland, huharibika upesi kuliko zote.

Ajabu ni kwamba mwanzoni hewa hiyo ni rafiki. Siku ya kutia hamira, kijana alilitikisa pipa kwa makusudi ili maji yale matamu yanywe oksijeni, kwa sababu hamira huihitaji kujenga utando wa chembe zake ili ziweze kuzaana. Hamira ikishaanza kazi, mlango unapaswa kufungwa. Kikulacho ki nguoni mwako, walisema wahenga.

Nilimwuliza ni hewa kiasi gani inayoweza kuharibu bia. Akachukua kalamu. Viwanda vikubwa huhesabu oksijeni kwa sehemu za bilioni, na hujitahidi isizidi sehemu 100 ndani ya chupa au mkebe. Kwa lita 19 za bia, hiyo ni miligramu mbili tu za oksijeni. Akapiga hesabu mbele yetu: miligramu mbili za oksijeni zimo katika mililita saba hivi za hewa. Hewa isiyojaza vijiko viwili vya chai! Ikiyeyuka yote humo, mpaka umeshavukwa.

Basi zingatia makosa matatu ya mwaka uliopita. La kwanza ni baridi. Gesi ikipoa hunywea. Pipa lenye lita nne za nafasi juu ya bia, likitolewa katika nyuzi 20 hadi nyuzi mbili za sentigredi, gesi yake hupungua kwa karibu robo lita. Isitoshe, bia baridi hunywa kaboni dioksaidi nyingi kuliko bia vuguvugu, kwa hivyo ile gesi iliyokuwa juu huzama ndani ya bia na kuacha pengo zaidi. Pengo halikai tupu. Pipa huvuta pumzi kupitia kizibo: kwanza hunywa yale maji, kisha hewa ya jokofu, siku nzima na usiku kucha. Ndiyo maana maji yalitoweka.

Kosa la pili ni kufungua kifuniko. Watu hujidanganya kwamba gesi ya kaboni, kwa kuwa ni nzito kuliko hewa, hukaa juu ya bia kama blanketi. La hasha! Gesi huchanganyika, na pipa likifunguliwa wazi, hewa huingia humo upesi. La tatu ni ule umiminaji wa chai.

Usiku wa kuziba ufa

Safari hii kijana alikuwa amejipanga. Pipa lake jipya limetengenezwa kuhimili presha, na kifuniko chake kina matundu mawili yenye vali: moja la gesi na moja la bia. La bia limeunganishwa na mrija unaoelea ndani, ukinywa bia kutoka juu ambako huwa safi kwanza. Kabla ya kuwasha baridi alikuwa ameunganisha mtungi wa kaboni dioksaidi, akaurekebisha utoe msukumo mdogo tu. Gesi ndani ya pipa iliponywea, mtungi ulijaza pengo. Pipa lilivuta pumzi, lakini lilivuta gesi safi.

Wasio na mtungi wana njia ya bei nafuu. Lita 19 za bia ya kawaida hutoa takriban lita 400 za gesi inapochachuka, na zote hupotea hewani. Mtu mwerevu hukinga lita chache katika mfuko wa plastiki usiopitisha hewa, ama puto lenye karatasi ya fedha, akauacha umeunganishwa na pipa. Baridi inapoingia, mfuko husinyaa na bia hujirudishia gesi yake yenyewe. Wengine huipitisha gesi hiyo yote ndani ya pipa la pili litakalopokea bia, nayo hulisafisha bure kwa muda wa wiki mbili.

Nilipewa pia onyo ambalo nalifikisha kwa msomaji: chombo cha kioo kisitiwe presha kamwe, kwa maana hupasuka na vipande vyake huua. Na pipa jepesi la plastiki likizibwa kabisa kisha likapozwa, hujibonyeza ndani. Aidha, gesi ya kaboni dioksaidi ikijaa katika chumba kilichofungwa, mtu huzimia bila kuisikia harufu. Ndiyo sababu mlango wa gereji uliachwa wazi usiku wote wa Alhamisi, nasi tukatetemeka ndani ya makoti.

Alhamisi ndiyo ilikuwa siku ya kuhamisha. Kijana aliosha mikono hadi viwiko kama anayeingia chumba cha upasuaji. Akaleta kegi la chuma, mojawapo ya yale ambayo zamani kampuni za soda zilibebea sharubati yao, akalijaza maji yenye dawa ya kuua viini mpaka pomoni, akalifunga. Kisha akayasukuma maji yale nje kwa gesi. Hapo nikaielewa hila: maji yakijaa, hewa haina mahali pa kukaa, maji yakitoka kwa kusukumwa na gesi, kinachobaki ni gesi tupu.

Ndipo kaka, aliyekuwa kimya muda huo wote, akasogea karibu na pipa la bia.

"Fungua nisikie harufu," akasema.

Gereji ikatulia. Msomaji aelewe: mgema huijua kazi yake kwa pua. Kaka amenusa vibuyu kwa miaka 30 na hajawahi kuambiwa angoje. Na kijana wa Kimijikenda hamwambii babake "la" hivi hivi, sembuse siku mbili kabla ya harusi yake.

"Baba, niwie radhi," kijana akasema, macho chini. "Siwezi kufungua. Nikifungua, nimerudia ya mwaka jana."

Kaka hakujibu. Aliangalia pipa, akaangalia mtungi wa gesi, kisha akarudi kukaa juu ya kreti. Nilijua amejeruhiwa kidogo. Kijana naye alijua. Akachukua mpira mfupi wenye kibomba, akauunganisha na vali ya bia, akakinga glasi. Msukumo wa gesi ukaitoa bia bila kifuniko kuguswa. Akaipokeza kwa mikono miwili.

"Hatufungui," akasema, "lakini wewe utaonja wa kwanza."

Kaka akanusa muda mrefu. Akaonja. "Tamu," akasema, "lakini imelala. Haina povu." Alisema kweli; bia ilikuwa bado haijashindiliwa gesi. Hasira ilikuwa imekwisha.

Kisha akaeleza kitu ambacho mimi, niliyekulia chini ya minazi ile ile, sikuwahi kukifikiria. Mnazi hauogopi hewa kwa namna hii kwa sababu hauishi siku nyingi. Utomvu huanza kuchacha ndani ya kibuyu ungali juu ya mti. Wa asubuhi ni mtamu, wa jioni umeshika, wa kesho ni mkali, wa kesho kutwa unaelekea kuwa siki. Mgema na mnywaji wote wawili wanashindana na saa. "Sisi hatuzuii wakati," kaka akasema. "Sisi tunauza kabla haujafika."

Kijana akaongeza kwamba hata ile siki ni kazi ya hewa: wadudu wadogo wanaogeuza kileo kuwa siki hawawezi kufanya kazi bila oksijeni. Nami nikauliza, je, mnazi ukifungwa hivi hautadumu? Baba na mwana wakanigeukia pamoja. Mnazi ungali unachacha, wakaniambia. Ukiuziba katika chupa, chupa itapasuka. Kila kinywaji na desturi yake.

Pancha ya gereji

Kazi ikaanza. Pipa la bia likawekwa juu ya meza, kegi chini. Mpira mmoja ungepeleka bia kutoka pipani hadi chini kabisa ya kegi ili isirukeruke. Mpira wa pili ungerudisha gesi ya kegi juu hadi pipani, mahali pa bia iliyoondoka. Ni mzunguko uliofungwa, bia ikishuka na gesi ikipanda, na hewa ya nje isipate hata dirisha la kuchungulia. Kijana alisema aliuelewa upesi kwa kuwa ni kama dripu ya hospitali: hakuna muuguzi anayeruhusu hewa ndani ya mrija.

Hata mpira wenyewe una hewa ndani. Mpira wa mita mbili wenye tundu la milimita sita hubeba mililita 56 hivi, karibu kikombe kimoja cha kahawa chungu, yaani mara nane ya ule mpaka wa vijiko viwili. Kwa hivyo alianza kwa kuiacha bia isukume hewa ile nje, ikamwagika kidogo sakafuni, ndipo akaunganisha. Kaka alitikisa kichwa kuona bia ikimwagwa, lakini hakusema neno.

Kabla ya kufungua vali, kijana akasimama. Sindano ya presha ya kegi ilikuwa inashuka polepole. Palikuwa na ufa mahali fulani, gesi ilikuwa inatoka, na hapatokeki kitu pasipoweza pia kuingiwa. Akakaza viungo. Ikaendelea kushuka. Akaangalia saa, kesho yake alikuwa na zamu ya mwisho kabla ya harusi, na bia ilihitaji muda wa kushika gesi. Nikaona jasho juu ya mdomo wake katika baridi ile. "Labda niiache tu hivi," akanong'ona.

Kaka akainuka. "Una sabuni?"

Kwa miaka mingi kaka alibeba mitungi ya mnazi kwa baiskeli hadi Mazeras, na njia ile ina miiba. Hajui presha kwa namba, lakini pancha anaijua. Alikoroga sabuni katika bakuli, akapaka povu kwa vidole kila kiungo, akainama kama mtu anayesikiliza. Kwenye shingo ya vali ya gesi, viputo vidogo vikaanza kuota, kimoja baada ya kingine.

"Hapa," akasema.

Kijana akaifungua vali. Ile pete ndogo ya mpira iliyo ndani ilikuwa na mkato mdogo kuliko punje ya mtama. Akaweka mpya, akalijaza kegi maji ya dawa na kulitoa upya tangu mwanzo. Ilikula saa nzima. Safari hii sindano haikucheza. Usipoziba ufa utajenga ukuta, nasi ufa wetu ulikuwa umezibwa.

Bia ilihama kimya kimya, bila povu, bila sauti. Kwa nusu saa hatukuona lolote isipokuwa mstari wa baridi ukipanda ubavuni mwa kegi. Kaka aliufuata kwa kidole mpaka ulipofika juu.

Wa leo

Jumamosi jioni, baada ya ibada na picha, watu wapatao 20 walikusanyika nyumbani. Kegi lilikuwa limepewa gesi kwa siku mbili. Glasi ya kwanza ilikwenda kwa baba mkwe, mzee mrefu aliyezaliwa katika jimbo hilo hilo. Niliona akiiinua kwenye taa kabla ya kunywa, na nikamwona kijana akisahau kupumua.

Rangi ilikuwa ya dhahabu. Mzee akanywa, akatazama glasi, akanywa tena, kisha akaiita familia yake kwa mkono. Hakuna aliyekwenda kutazama maua.

Kaka alipewa yake. Aliinusa kama alivyozoea, akaonja, akakaa nayo mdomoni. Mwanawe alikuwa amesimama mbele yake akiwa bado amevaa suti, mikono nyuma, kama mvulana aliyeleta ripoti ya shule.

"Nyumbani," kaka akasema hatimaye, "hii tungeiita wa leo."

Kwa asiyejua lugha ya wagema, hakuna sifa iliyo kubwa kuliko hiyo. Na kwa kuwa mgema akisifiwa tembo hulitia maji, aliongeza upesi: "Lakini pete zile nunua nyingi, usiweke moja."

Tulirudi Kenya wiki iliyofuata. Yapata wiki tano baadaye kijana alipiga simu, akasema amemaliza glasi ya mwisho ya kegi lile na bado ilinuka maembe. Kaka alikuwa ndiyo kwanza ashuke mtini, kibuyu mkononi. Alisikiliza, akatabasamu, akamwambia mwanawe amekata simu kwa sababu wateja wanangoja na wa asubuhi haungoji mtu.